Juisi ya Desemba na Mnafu wa Aikande

Mimi nina vidole tisa vya miguu. Cha kumi kilibaki hospitali mjini Moshi, wala sikukiaga. Nalisema hili mapema ili usisome ukingoja nikwambie kwamba nilipona kama mtoto anavyopona mafua. Ugonjwa wa sukari hauponi. Ila unaweza kukaa nao nyumba moja, kama mgeni aliyekataa kuondoka, mpaka ukazijua tabia zake. Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi, umeshika karatasi ya kipimo hujui uiweke wapi, na watu wameanza kukuletea zawadi za kukupa pole. Hizo zawadi ndizo ninazotaka kuzisema.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Mwandiko ni wangu na makosa ni yangu.

Nakaa Masama, kwenye kihamba cha marehemu mume wangu, shamba la nyumbani lenye migomba juu na kahawa chini. Nina watoto watano na wajukuu kumi na mmoja, na katika hao kumi na mmoja hakuna aliyewahi kurudia darasa. Lakini hapa nitawataja wanangu wawili tu. Eliamini ndiye wa kwanza, yuko Dar es Salaam, ana gari na tumbo. Godlisten ndiye wa mwisho, na kwa desturi yetu wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kazi yake ni kupandisha wageni mlimani. Anashuka, analala siku mbili, anapanda tena. Kwa hiyo mtu niliyekaa naye kila siku ya ugonjwa wangu si mwanangu, ni mke wake, Aikande.

Ugonjwa ulianza kwenye baridi ya Julai. Nilikuwa na kiu ya ajabu, nikinywa maji kama ng'ombe aliyetoka kulamba chumvi, na kila nilichokunywa kikitoka. Sisimizi wakajipanga mstari kuelekea chooni. Sketi zikaanza kunizunguka kiunoni, na wanawake wenzangu kanisani wakanisifu, "Mama Eliamini, umekuwa msichana!" Nikafurahi, mjinga mimi. Aikande ndiye aliyewaona wale sisimizi, kesho yake akanishika mkono tukaenda kupima.

Nikaambiwa niache sukari na soda, nipunguze ndizi na ugali. Sukari ya kwenye chai niliiacha siku ile ile. Mimi nikisema nimeacha, nimeacha. Nilikwenda kwenye msiba nikakataa chai ya maziwa mbele ya watu, nikasema kwa sauti, "Mimi situmii sukari." Nilijiona mwanajeshi.

Basi ikafika Desemba. Kila mtu wa huku anajua Desemba ilivyo: Wachagga wote wanarudi nyumbani, barabara ya kupandia kwetu inajaa magari, na hakuna mtoto anayefika mikono mitupu. Eliamini alisikia mama hanywi soda tena, kwa hiyo alishusha katoni za juisi. Ya embe, ya nanasi, ya pasheni, ya machungwa. Juu ya boksi wamechora embe lililokatwa, linatoa maji. Nani amewahi kukatazwa embe? Hilo ni la Mungu. Nilizipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, pale zilipokuwa sahani za harusi, ili mgeni akiingia aone kwamba mama huyu ana watoto. Nilikunywa glasi asubuhi na glasi mchana. Zilipoisha nikakamua pasheni za uani, bila kutia sukari hata punje moja, nikajisifu tena.

Wakati wote huo Aikande alinipikia mnafu. Kama hutoki huku, mnafu ni mboga chungu, inaota yenyewe pale samadi ilipomwagwa. Hakuna anayeipanda, watu wanaing'oa ili wapite. Yeye alikuwa anauchuma, anaukatakata, anauchemsha, anamalizia kwa maziwa kidogo. Mimi nilikuwa naonja vijiko viwili nasukuma sahani. Machoni pangu mnafu ulikuwa kitu cha kula kama hakuna kitu. Mgonjwa mwenye heshima hupewa mtori, supu ya ndizi na nyama, na siku hizi hupewa juisi.

"Mama, malizia mboga."

"Kampe ng'ombe, yeye ndiye anayekamuliwa."

Alikuwa anacheka, wakati ule bado alikuwa anacheka.

Masika ilipoingia nilivaa mabuti ya mvua nikaenda kupalilia. Mabuti yalikuwa stoo, karibu na magunia ya kahawa. Ndani ya buti la kulia kulikuwa na punje ya kahawa kavu. Nilitembea nayo kutwa nzima. Jioni nikavua, soksi ina damu, na kidole cha mwisho kimechimbika kama kimeliwa na panya. Sikusikia chochote. Hicho ndicho kilichonitisha, damu nimeiona sana maishani mwangu. Mguu wangu ulikuwa umeumia bila kuniambia.

Nilikificha kile kidonda. Nilikipaka mafuta ya taa, nikakifunga kitambaa, nikasema kitakauka. Hakikukauka, kilinuka. Aikande alikifuata kwa harufu, akafungua kitambaa, akanitazama, akaenda kutafuta gari bila kuniuliza.

Wodini nilikaa majuma matatu. Mvua ilikuwa inapiga bati, na kitanda cha jirani kikabadilisha watu mara nne. Kidole kilikatwa. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ndogo, aliniambia, "Bibi, kidole kimeenda. Sukari ikibaki hapa ilipo, kidonda hakitafunga, na tutakaporudi kwenye meza ya upasuaji tutakuwa tunazungumzia kukata chini ya goti." Alipitisha mkono wake hewani kuonyesha mahali. Ule mkono wake ninauona mpaka leo.

Na zawadi zikaja. Akina mama wa usharika walikuja na maboksi ya juisi. Majirani walikuja na juisi. Dada yangu kutoka Kwa Sadala, juisi. Kabati dogo la kando ya kitanda likajaa, na mimi nikawa nakunywa taratibu, kwa sababu mdomo ulikuwa mchungu na watu wale walinipenda. Muuguzi alikuwa anapima sukari asubuhi anatikisa kichwa. Sindano za kushusha sukari zikaongezwa. Hakuna aliyetazama ndani ya lile kabati, mpaka Aikande alipotazama.

Siku niliyoruhusiwa, nilifika nyumbani nikakuta kabati la vioo sebuleni lina sahani za harusi.

"Juisi zangu ziko wapi?"

"Nimewapa watoto wa shule ya Jumapili kanisani, mama. Hospitali wamenikataza."

"Wamekukataza wewe au wamenikataza mimi?"

Alileta mnafu na yai na kipande cha ndizi kidogo kama kidole changu kilichobaki hospitali. Niligeukia ukutani.

Siku ya tatu, Aikande amekwenda kukata majani ya ng'ombe, nilijikokota na magongo mpaka jikoni kutafuta chochote kitamu. Nikafunua debe la unga. Katikati ya unga kulikuwa na boksi moja dogo la juisi ya embe, lile lenye mrija ubavuni, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Moyo wangu ulifurahi vibaya. Nilisema, nimemkamata. Nililirudisha pale pale, nikarudi kitandani, nikampigia Eliamini.

"Mama, unakula nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Mnafu. Asubuhi mnafu, jioni mnafu. Juisi ulizonunua amegawa, na nyingine ameificha kwenye unga anakunywa yeye."

Nilisema "nyingine" kana kwamba ni katoni. Sikusema kwamba ni boksi moja dogo.

Eliamini alipanda Jumamosi. Hakuingia ndani kunijulia hali, alianzia jikoni. Niliwasikia kupitia ukuta wa mbao.

"Unamnyima mama yangu kitu nilichonunua mimi?"

"Shikamoo shemeji."

"Nakuuliza!"

"Na mimi nakusalimia. Mama yako sukari yake iko juu, mguu wake haujafunga. Kaa naye wiki moja, umchome sindano, umuoshe kidonda, umpikie unachotaka wewe. Nikirudi nikikuta sukari imeshuka, nitakuomba radhi nimepiga magoti."

"Mama anasema unamlisha kama ng'ombe."

Aikande akasema, polepole, "Mama amesema hivyo?"

Nililala pale na macho yangu yamefunguka, na sikuita. Ningeweza kusema, "Eliamini, njoo hapa, mwache." Nina sauti, kanisani huwa wananiambia niipunguze. Siku ile niliikalia. Eliamini aliondoka kesho yake kwa sababu ana kazi, akaniachia katoni mbili chini ya kitanda. Aikande aliziona anafagia, akafagia akazizunguka. Tangu siku ile hakucheka tena. Alinichoma sindano, aliniosha kidonda, alisema "mama" kwa heshima zote, na nyumba ikawa baridi kuliko Julai.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Benchi la kliniki ya sukari ni refu na limepakwa rangi ya kijani, na ukikaa muda mrefu unajua magonjwa ya watu kuliko daktari. Kando yangu alikaa mzee kutoka Old Moshi, mguu wake wa kushoto umekatwa juu ya goti. Aliitazama bandeji yangu ya mguu wa kulia.

"Wewe umeponzwa na nini, mama?"

"Hawaniambii vizuri. Mimi hata soda sinywi. Nakunywa juisi tu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi wangu ulikwenda na soda, wako utakwenda na juisi. Si vibaya. Wewe utabaki na wa kushoto, mimi nina wa kulia. Tutanunua jozi moja tugawane."

Benchi zima likacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo, nikauficha mguu chini ya benchi.

Sista wa lishe wa pale kliniki aliposikia kicheko akatoka na glasi ya juisi ya machungwa mkononi na kifungu cha mboga. Alikuwa na somo lake tayari, akanichagua mimi.

"Bibi, glasi hii imetoka machungwa mangapi?"

"Kama sita."

"Umewahi kukaa ukala machungwa sita mfululizo?"

"Nina wazimu?"

"Ukianza la kwanza, la pili, unashiba. Kwa nini?"

"Zile nyama zake zinajaza tumbo."

"Ukikamua, nyama unazitupa wapi?"

"Kwa ng'ombe."

"Basi ng'ombe amekula chungwa, wewe umekunywa sukari ya machungwa sita kwa pumzi moja. Vitamini imo, sikatai. Lakini sukari ile haina cha kuishika mkono, inakimbilia kwenye damu. Hata ya embe uliyokamua mwenyewe. Sasa hii." Akainua kifungu. "Nani anaijua?"

"Mnafu," nikasema, na nilijua tayari ninakopelekwa.

"Una madini ya chuma, una vitamini, una nyuzi za kutosha, na sukari yake ni kidogo sana. Unakula sahani nzima na damu haishtuki. Nyumbani kwako unapatikana?"

"Unaota wenyewe. Tunaung'oa."

"Kuna watu mjini wanaununua, bibi, na wewe unaung'oa."

Aikande alikaa mwisho wa benchi ameshika kadi yangu. Hakunitazama, hakutabasamu. Angenitazama kwa ushindi ningefurahi, ningepata la kumsema.

Mimi siamini kitu kwa sababu mtu amevaa koti jeupe. Kesho yake niliomba tupime. Kimashine kile cha kutoboa kidole tulikuwa nacho, Godlisten aliletewa na mgeni wake wa mlimani. Asubuhi sukari ilikuwa nane. Nikatoa boksi chini ya kitanda, nikanywa glasi moja mbele ya Aikande. Baada ya saa mbili tukapima: kumi na saba. Asubuhi iliyofuata ilikuwa nane tena. Nikala mnafu sahani nzima na yai, nimefumba macho. Baada ya saa mbili: tisa. Nilikitazama kimashine nikataka kukitupa migombani.

"Andika," nikamwambia.

"Nimeshaandika, mama."

Zile katoni mbili nikasema zitolewe. Lakini kuelewa ni jambo moja, na kumwambia mke wa mwanangu "nimekosa" ni jambo jingine. Na nilikuwa bado na lile boksi langu la kwenye unga. Nilijiambia, sawa, juisi ni mbaya kwangu, lakini mbona yeye ameficha moja? Nililishikilia hilo. Mtu mwenye kosa anahitaji mwenzake naye awe na lake.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu umefunika mpaka migomba haionekani, Aikande alinichoma sindano akaniletea chakula. Nilikuwa nimeamka na hasira, hata sababu siikumbuki. Nikasukuma sahani. "Leo sili." Akaniambia, "Mama, ukichomwa lazima ule." Nikamwambia mimi si mtoto. Akaenda kukamua ng'ombe.

Kwanza mikono ilianza kutetemeka. Kisha jasho, kwenye baridi ile, likanilowanisha mgongo. Nikataka kumwita, nikaita jina la mama yangu aliyekufa zamani. Aikande anasema alinikuta nimekaa sakafuni nachambua kahawa ambayo haikuwepo, nachagua punje mbaya naweka kando. Ninachokumbuka ni unga. Mkono mweupe wa unga mpaka kwenye kiwiko, mrija unaingizwa mdomoni mwangu, na sauti inasema, "Vuta, mama. Vuta. Tena. Vuta."

Utamu wa embe ukashuka. Muda si mrefu nikauona ukuta, nikaiona picha ya harusi yangu, nikamwona Aikande amepiga magoti, unga umemwagika kwenye kanga yake, machozi yanachora mistari kwenye unga wa mashavuni.

"Hiyo juisi," nikasema, ulimi bado mzito. "Ya kwenye debe."

"Sista wa wodini aliniambia niwe nayo moja siku zote. Sukari ikishuka ghafla ndiyo inayokuokoa. Niliificha ili usije ukainywa siku isiyo yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeiacha?"

Niliuvuta mrija tena, boksi likalia kavu.

Alipasha mnafu moto akaniletea na ndizi. Nikala wote, nikafuta sahani kwa kidole. Ulikuwa mchungu vile vile. Usidanganywe na mtu anayekwambia utauzoea ukawa mtamu. Ni mchungu, unakula.

Baada ya hapo sina mengi. Kidonda kilianza kufunga kutoka ndani, rangi ya waridi, kama mdomo wa ndama. Aikande alikiosha kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kama walivyomwelekeza kliniki. Baridi ikapita, kahawa ikaanza kuiva, na siku moja ya Septemba yule daktari mpole akabonyeza mguu, akabonyeza tena, akasema, "Bibi, huu mguu ni wako." Akaniruhusu kutembea na kiatu kipana.

Nilijua ninakokwenda. Kesho yake asubuhi, Aikande yuko jikoni, nilivaa kile kiatu nikashuka kupitia kwenye migomba mpaka mwisho wa kihamba, kwenye mimea ya masale iliyopandwa na baba wa mume wangu kuonyesha mpaka. Huku kwetu ukimpelekea mtu jani la isale umemwomba msamaha, na hakuna maneno mengi ya kuongeza. Nimeyapokea mengi. Vijana walinigombanisha, majirani waliniibia ndizi, wote walikuja na isale nikawasamehe nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Mimi mwenyewe sikuwahi kulichuma. Sikujua hata kwamba linakatika kwa shida, unalivuta kwa kulizungusha.

Kupanda kurudi kulinichukua muda. Niliingia jikoni nina jani mkononi na tope kwenye kiatu. Aikande alikuwa anakatakata mnafu. Alinitazama miguu kabla ya mikono.

"Mama! Umefika mpakani?"

"Nimefika."

"Na magongo?"

"Yako kitandani. Shika hili."

Akaliona. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa mikono miwili jinsi inavyotakiwa. Nikasema, "Nilimwambia Eliamini uongo juu yako. Nilikusikia unatukanwa nikalala kimya."

Aliligeuza lile jani mikononi.

"Aika, mama," akasema. Asante. Kisha, "Kaa chini uvue kiatu, nitazame kama kuna punje." Na akacheka, kile kicheko cha zamani.

Jani lilikaa kwenye kikombe cha maji dirishani, juu ya debe la unga. Ndani ya debe kuna boksi jipya, na sasa najua liko wapi na la nini. Wewe pia weka lako, na umwambie unayekaa naye liko wapi.

Wiki iliyopita Eliamini alipiga simu. Desemba inakaribia, anauliza mama nikuletee nini, juisi haifai, sijui kitu gani.

"Ukifika anzia jikoni tena," nikamwambia. "Safari hii umwombe radhi shemeji yako. Kisha utakula mnafu, sahani nzima, na hilo tumbo lako tutalipima."

"Sawa, mama. Na wewe nikuletee nini?"

"Viatu," nikasema. "Vipana. Jozi nzima."